Maisha ya Gustave Caillebotte, Mchoraji wa Mapaa Yenye Theluji

Wasomaji wapenzi wa gazeti letu la shule, muhula huu nimeona yafaa nikusimulieni habari za maisha ya mtu mmoja Mfaransa, ambaye jina lake si wengi kati yetu walijuao. Mtu huyo ni Gustave Caillebotte, na jina lake hutamkwa karibu na Kaibot. Alikufa zamani, lakini alinifundisha mambo mawili: la kwanza ni kwamba theluji si nyeupe, na la pili mtalisoma mbele. Kabla ya kuanza habari zake, sina budi kueleza jinsi nilivyokutana naye, ijapokuwa habari yenyewe hainipi sifa.

Muhula uliopita chama chetu cha uchoraji kilikuwa kikijitayarisha kwa maonyesho ya Siku ya Wazazi. Mjomba wangu alikuwa ameniletea boksi la rangi za mafuta, tyubu 12 na brashi 4, nami nilikuwa peke yangu katika chama mwenye rangi za namna hiyo. Wenzangu wote walitumia rangi za maji za shule. Boksi lile nalilitia sandukuni, nikalifungia kwa kufuli. Mwenzangu mmoja, ambaye kwa haki anachora vizuri kuliko mimi, alikuja kuniomba rangi ya bluu kidogo. Nikamwambia kuwa imekwisha. Haikuwa imekwisha, hata kifuniko chake nilikuwa sijakifungua.

Nilikusudia kuchora mji wa Ulaya wakati wa baridi, ili wazazi washangae. Theluji mimi nimeiona kwa mbali tu, juu ya Kilimanjaro, siku mbingu zinapokuwa safi. Basi nikachukua rangi nyeupe nikaimimina juu ya nyumba zote, mpaka tyubu ikabaki ngozi tupu. Picha ilitoka kama ukuta uliopakwa chokaa. Mwalimu wetu alipoiona hakunicheka. Alikwenda maktaba, akaleta kitabu kikubwa cha picha, akakifungua mahali palipokuwa na mapaa ya mji wa Paris yaliyofunikwa na theluji, akaniagiza nihesabu ni sehemu ngapi za picha ile zilizo nyeupe tupu. Nilitafuta kwa muda mrefu. Niliona kijivu cha namna nyingi, niliona bluu, niliona zambarau iliyofifia, na hapa na pale wekundu wa kahawia. Lakini nyeupe tupu karibu nisiione kabisa. Hata hivyo kila aitazamaye picha ile hujua mara moja kuwa ni theluji. Chini yake paliandikwa jina la Caillebotte na mwaka 1878. Jioni ile nilikichukua kitabu nikakisoma, kisha nikatafuta vingine. Na haya ndiyo niliyoyapata.

Gustave Caillebotte alizaliwa Paris tarehe 19 Agosti 1848. Baba yake, Martial Caillebotte, alikuwa tajiri aliyechuma mali kwa biashara ya nguo, hasa matandiko ya jeshi, na tena alikuwa hakimu katika mahakama ya biashara. Gustave alikuwa na wadogo wawili wa tumbo moja, René na Martial, na kaka wa kwa baba, Alfred, aliyekuwa padri. Nje ya Paris, mahali paitwapo Yerres, walikuwa na nyumba yenye bustani kubwa kando ya mto, na huko ndiko walikokaa wakati wa kiangazi. Inasemekana ni huko Yerres kijana huyu alikoanza kupenda kuchora.

Lakini hakusomea uchoraji kwanza. Alisoma sheria, akapata shahada mwaka 1868, na mwaka 1870 akapewa ruhusa ya kufanya kazi ya uanasheria. Mwaka huo huo vita vikazuka kati ya Ufaransa na Prussia. Gustave akachukuliwa jeshini, katika kikosi cha kulinda Paris, mji ambao katika baridi ile ulizungukwa na adui mpaka watu wakaona njaa kali. Vita vilipokwisha, hakurudi kwenye sheria. Alikwenda kujifunza katika chumba cha kazi cha mchoraji Léon Bonnat, na mwaka 1873 akaingia Chuo cha Sanaa cha Paris, ingawa hakukaa huko siku nyingi. Siku ya Krismasi mwaka 1874 baba yake akafa. Hivyo kijana wa miaka 26 akajikuta na mali nyingi, hana haja ya kumwuzia mtu picha hata moja.

Yafaa nieleze hapa hali ilivyokuwa kwa wachoraji wa Paris siku zile. Palikuwa na maonyesho makubwa ya serikali yaliyoitwa Salon, na ndani yake waamuzi walichagua picha zipi zitundikwe na zipi zirudishwe. Picha iliyokataliwa ilikuwa vigumu kupata mnunuzi, na mchoraji wake aliweza kukaa na njaa. Waamuzi walipenda picha za wafalme wa kale na za miungu ya Wayunani, zilizopakwa laini hata alama ya brashi isionekane. Claude Monet, kwa mfano, alikuwa amechora picha ya ndege mmoja aliyetua juu ya lango la miti katika shamba lenye theluji, na vivuli vya theluji ile akavitia bluu. Picha hiyo ilikataliwa mwaka 1869. Leo ni mojawapo ya picha za theluji zipendwazo sana duniani.

Caillebotte naye alionja mambo hayo. Mwaka 1875 alipeleka Salon picha ya mafundi watatu waliopiga magoti, vifua wazi, wakikwangua sakafu ya mbao ya chumba kitupu, na mwanga wa dirishani ukiteleza juu ya migongo yao na juu ya ubao. Ilikataliwa. Kuchora wakulima shambani kulikuwa kumekwisha kuzoeleka, lakini wafanya kazi wa mjini wakitoka jasho ndani ya nyumba ya tajiri, hilo lilionekana ni jambo lisilo na heshima. Caillebotte hakuibadili picha yake. Mwaka 1876 aliichukua akaipeleka kwa kundi la wachoraji ambao nao walikuwa wamechoka kukataliwa, na ambao tangu mwaka 1874 walikuwa wakifanya maonyesho yao wenyewe. Humo walikuwamo Monet, Renoir, Degas, Pissarro, Sisley na mwanamke hodari, Berthe Morisot. Watu waliwaita Waimpreshonisti, jina lililotokana na picha ya Monet ya mapambazuko bandarini. Mwandishi mmoja wa gazeti alilitumia jina hilo kwa kuwadhihaki, kwa maana ya kwamba walitoa mwonekano wa haraka tu wa kitu, wasikimalize. Wao wakalichukua jina la dhihaka wakalifanya lao.

Sasa naomba tutazame kazi yenyewe ilivyofanywa, maana hapa ndipo kosa langu lilipokuwa.

Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, na aghalabu mafuta hayo ni ya mbegu za kitani. Haikauki kama maji yanavyokauka juani. Hukauka polepole kwa kushikana na hewa, na jambo hilo huchukua siku nyingi. Kwa hiyo mchoraji aweza kupaka rangi mbichi juu ya rangi mbichi, zikachanganyika kidogo papo hapo kwenye turubai. Zamani rangi hizo zilitiwa katika vifuko vya kibofu cha mnyama, navyo vilipasuka na kukauka upesi. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja, John Goffe Rand, alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa tyubu ya bati yenye kifuniko. Tangu hapo mchoraji aliweza kutoka na boksi lake kwenda mtoni, kituo cha gari moshi, au dirishani, akachora kile akionacho pale pale mwanga ulipo.

Na mwanga ndio siri ya theluji. Theluji haina rangi ya kwake, yaazima. Jua likiwaka, upande uliopigwa na jua huwa na umanjano kidogo, na kivuli huwa cha bluu, kwa sababu kivulini haufiki mwanga wa jua moja kwa moja, bali ule wa mbingu ya bluu. Siku ya mawingu mazito, theluji huwa ya kijivu kama mawingu yenyewe. Anayetaka kuichora hana budi kuchukua nyeupe akaitia bluu kidogo, au wekundu kidogo, au kahawia kidogo, kila mahali kwa kipimo chake. Kisha aweke kando yake kitu cheusi zaidi, kama ukuta au dohani, ili jicho lilinganishe. Bila ya kulinganisha, nyeupe haing'ai hata ukimaliza tyubu kumi. Mimi nilimaliza moja, nami ni shahidi.

Caillebotte alifanya hivyo katika picha ile ya mapaa. Yeye mtazamaji amemweka juu, kama mtu asimamaye kwenye dirisha la ghorofa ya juu. Barabara haionekani. Mbele yetu pana mapaa yakifuatana na mapaa, yenye miinamo mbalimbali, madirisha madogo ya vyumba vya darini, na madohani yaliyosimama kwa safu. Mbingu iko chini na nzito. Theluji imelala juu ya paa, na mahali inapokoma ukuta huonekana na kahawia yake. Brashi imepita upesi, na mikupuo yake yaonekana. Hamna mtu, hamna ndege. Lakini ukiitazama kwa kitambo wahisi ukimya wa mji mkubwa asubuhi ya baridi.

Mapaa hayo nayo yalikuwa na historia. Kuanzia mwaka 1853 Mfalme Napoleon wa Tatu alimpa Bwana Haussmann kazi ya kuujenga upya mji wa Paris. Nyumba nyingi za zamani zikabomolewa, barabara pana zikakatwa, na majumba mapya ya mawe yakasimama kwa mstari, mengi yakiezekwa kwa mabati ya zinki ya rangi ya kijivu. Nyumba ya ukoo wa Caillebotte ilikuwa katika mtaa mmoja wa hiyo mitaa mipya. Vyumba vya chini na vya kati vilikaliwa na wenye mali. Vile vya juu kabisa, chini ya paa, vya joto wakati wa hari na vya barafu wakati wa baridi, vilikaliwa na watumishi na maskini. Wachoraji wengi walikuwa wamechora Paris kutoka barabarani, wakaonyesha milango mizuri na magari ya farasi. Caillebotte, mtoto wa tajiri, aliyatazama mapaa, mahali ambapo hakuna aliyepapamba ili papendeze.

Sasa nafika kwenye jambo la pili alilonifundisha, nalo ni kubwa kuliko lile la theluji.

Tarehe 1 Novemba 1876 mdogo wake René alikufa ghafla, akiwa na miaka 25 tu. Siku mbili baadaye, tarehe 3 Novemba, Gustave akakaa akaandika wasia. Wakati huo alikuwa na miaka 28, naye aliingiwa na fikira kwamba huenda asiishi siku nyingi. Jambo moja aliloagiza ni kwamba akifa itolewe fedha ya kutosha katika mali yake kwa ajili ya maonyesho mengine ya wenzake. Jambo la pili ni kwamba picha alizonunua kwa wenzake ziwe mali ya taifa la Ufaransa, kwa sharti moja: zisitupwe darini, wala zisipelekwe katika jumba la makumbusho la mji mdogo, bali zitundikwe katika jumba la Luxembourg, na baadaye katika Louvre, jumba kubwa kuliko yote. Akakiri kuwa pengine itapita miaka 20 au zaidi kabla ya watu kuzifahamu picha hizo, na akaagiza zihifadhiwe mpaka siku hiyo. Msimamizi wa wasia akamweka rafiki yake, Renoir. Na katika picha hizo zote alizolipa taifa, hakuitia hata moja aliyoichora mwenyewe.

Fikirini, wasomaji wenzangu, wakati huo watu hao walikuwa nani. Monet alikuwa akiandika barua kuomba fedha za chakula. Pissarro alikuwa na watoto wengi na deni dukani. Magazeti yaliwacheka. Caillebotte hakungoja mpaka wawe mashuhuri ndipo ajifanye rafiki yao. Mwaka 1877 Monet alipotaka kuchora moshi na magari ya kituo cha Saint-Lazare, Caillebotte alimlipia kodi ya chumba cha kufanyia kazi karibu na kituo. Mwaka huo huo alitafuta mahali pa maonyesho ya tatu, mtaa wa Le Peletier, akalipa pango kwa fedha yake, akawabembeleza waliogombana warudi, na akashiriki katika kuzitundika picha ukutani. Yeye mwenyewe alionyesha humo picha ya watu wenye miavuli katika njia panda ya Paris siku ya mvua, yenye urefu upitao mita 2 na upana upitao mita 2 na nusu. Na aliponunua picha za wenzake, mara nyingi alichukua zile ambazo wengine hawakuzitaka, na akazilipia vizuri.

Mwaka 1878, mwaka wa picha ya mapaa, mama yake naye akafa. Nyumba ya ukoo ikauzwa, na Gustave na mdogo wake Martial wakahamia pamoja katika ghorofa kwenye barabara ya Haussmann. Mwaka 1879 picha ya mapaa yenye theluji ikaonyeshwa katika maonyesho ya nne ya kundi lile. Lakini kundi lenyewe lilianza kulegea. Degas alitaka kuwaingiza watu wake, na tena hakutaka mwanachama yeyote apeleke picha Salon. Caillebotte aliona ubishi huo utawaua. Mwaka 1881 hakushiriki. Mwaka 1882 alirudi mara moja tena, na baada ya hapo hakuonyesha tena pamoja nao.

Alikuwa amekwisha nunua nyumba huko Petit-Gennevilliers, kando ya mto Seine, na mwaka 1888 akahamia huko kabisa. Huko alilima maua, akasanifu mashua za tanga za mashindano na kuziendesha mwenyewe, hata akahesabiwa katika manahodha hodari wa mashindano ya Ufaransa. Zamani, pamoja na Martial, alikuwa amekusanya stempu za posta kwa uangalifu mkubwa. Sehemu ya mkusanyo huo leo imo katika Maktaba ya Uingereza, London. Alichaguliwa pia kuwa diwani wa mahali alipokaa. Mkono wake haukuwa wa kukaa bure. Walakini kuchora hakuacha, wala rafiki zake hakuwaacha. Monet na Renoir walimtembelea mara kwa mara.

Tarehe 21 Februari 1894 Gustave Caillebotte alikufa nyumbani kwake Petit-Gennevilliers, akiwa na miaka 45. Ile hofu yake ya ujanani haikuwa ya bure.

Basi wasia ukafunguliwa, na hapo ndipo vita vyake vya mwisho vilipopiganwa, naye mwenyewe yumo kaburini. Picha zilikuwa zaidi ya 60. Baadhi ya wakuu wa Chuo cha Sanaa walikasirika mno, wakaona ni aibu kwa serikali kupokea takataka za namna ile. Wakuu wa makumbusho nao walisema kuwa Luxembourg haina nafasi ya kuzitundika zote, na sharti la wasia lilikuwa wazi kwamba zisiwekwe darini. Renoir na Martial walishindana na serikali kwa miaka miwili. Mwisho serikali ilikubali kama 40, na zilizobaki zikarudi kwa ukoo. Mwaka 1897 zile zilizokubaliwa zilitundikwa katika chumba kipya kilichoongezwa kwenye jumba la Luxembourg. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Waimpreshonisti kupata ukuta mkubwa hivyo katika jumba la taifa la Ufaransa. Humo ilikuwamo picha ya Renoir ya watu wakicheza ngoma bustanini huko Montmartre, ya Monet ya kituo cha Saint-Lazare, ya Manet ya roshani, na ya Pissarro ya mapaa mekundu yaonekanayo kati ya miti mitupu ya baridi.

Mwaka 1929 picha hizo ziliingia Louvre, kama alivyoagiza kijana yule wa miaka 28. Na tangu mwaka 1986 zimo katika jumba la Orsay, ambalo zamani lilikuwa kituo cha gari moshi, na watu kutoka pande zote za dunia huja kuzitazama.

Je, yeye mwenyewe alikumbukwaje? Kwa muda mrefu alikumbukwa kama mtu mwenye fedha aliyewasaidia wachoraji. Kwa kuwa hakuwa na haja ya kuuza, picha zake nyingi zilibaki kwa jamaa zake, na kitu kisichoonekana husahauliwa. Alipokufa, warithi wake kwa mkono wa Renoir walilipa taifa ile picha ya mafundi wa sakafu, na mapaa yenye theluji nayo ikaingia katika mali ya taifa mwaka ule ule wa 1894. Mwaka 1964 jumba la sanaa la Chicago, Marekani, lilinunua ile picha ya miavuli na mvua. Mwaka 1994, miaka 100 baada ya kifo chake, yalifanywa maonyesho makubwa ya kazi zake mwenyewe mjini Paris. Hapo tena hapakuwa na mtu wa kumwita mfuko wa fedha wa rafiki zake.

Niliposoma mpaka hapo nilikifunga kitabu. Nilifikiri juu ya mtu aliyekuwa na kila kitu, naye akawalipia wenzake kodi ya chumba na ya ukuta ili kazi zao zionekane, wengine wakiwa ni hodari kuliko yeye, na yeye akilijua hilo. Kisha nikafikiri juu ya tyubu yangu moja ya bluu. Usingizi haukuja upesi usiku ule.

Asubuhi nilimtafuta mwenzangu. Nilimwambia kuwa rangi haikuwa imekwisha siku ile, bali nilimdanganya. Alinitazama kwa kitambo asiseme neno, nami nilitamani ardhi inimeze. Hatimaye akaniuliza kama nyeupe ingalipo. Nikamjibu kweli kwamba hiyo sasa ndiyo iliyokwisha. Akacheka sana, na mimi nikacheka.

Jumamosi mbili zilizofuata tulikaa pamoja kwenye dirisha la juu la bweni, na boksi lile wazi kati yetu. Hatukuchora theluji. Tulichora mabati ya mabweni na ya jiko baada ya mvua ya jioni, na tulipoyatazama kwa makini tuliona kuwa mabati ambayo kila siku twayaita ya kijivu yalikuwa na bluu, na zambarau, na wekundu wa kutu, na karibu na bomba la jiko umanjano wa jua linalozama. Kwa kuwa hatukuwa na nyeupe, rangi ya kung'aa tuliipata kwa manjano na bluu kidogo iliyozimuliwa kwa mafuta, nayo haikuwa mbaya.

Siku ya Wazazi picha ya mwenzangu iliwekwa katikati ya ukumbi, na yangu karibu na mlango. Baba yangu alipoingia aliiona yangu kwanza, akaitambua paa la jiko. Kisha nikamshika mkono nikampeleka mpaka katikati ya ukumbi, nikamwonyesha ile nyingine, nikamwambia ni ya nani.

Hapa ndipo nawaaga, wasomaji wapenzi. Anayetaka kuiona picha ya Caillebotte na akiulizie kitabu kile maktabani. Na yule wa chama cha uchoraji atakaye rangi, boksi sasa liko katika kabati ya chama, nalo halina kufuli.